Saida wa Jumapili

"Nataka nguo ya msiba," Benta alisema, akitua karai lake la samaki nje ya mlango. "Nyeusi, mikono mirefu, na hapa shingoni ifungwe kabisa."

Nyasuguta alikuwa ameshika futi, tayari kumpima. "Pole, mama. Umefiwa?"

"Sijafiwa na mtu. Nataka tu iwe tayari. Lakini iwe kama ile ya Saida, umesikia? Usinishonee mtindo mwingine."

"Saida yupi?"

"Kwani wako wangapi? Saida wa televisheni! Ile nguo aliyovaa siku ya kumzika mumewe. Hata kama picha haina rangi, nguo ilimkaa, adier, kweli kabisa."

Mkono wa Nyasuguta ulibaki hewani na futi ikining'inia. "Mumewe nani?"

"Yule mzee wa mbao. Si babake alimwoza kwa yule mzee wa mbao, Rajabu alipopanda meli akaenda zake?"

Nyasuguta aliketi kwenye kiti cha cherehani. Rajabu hakupanda meli. Jumapili iliyopita tu Rajabu alikuwa juu ya paa la nyumba ya kina Saida, mvua ikimpiga, akiziba mahali palipovuja, na babake Saida amesimama chini akimtazama bila kusema neno. Nyasuguta alilijua paa hilo kama alivyolijua paa la chumba hiki.

"Labda unachanganya na mchezo mwingine, mama," alisema taratibu.

"Mimi? Nichanganye Saida? Mimi nakaa benchi ya mbele kila Ijumaa. Hata samaki wakibaki, nawaacha wabaki."

"Na Mwanaidi? Mwanaidi alisema nini Rajabu alipoondoka?"

"Mwanaidi gani?"

"Jirani yao. Yule mama mkali anayekaa dirishani akimenya njugu, anajifanya hasikii."

Benta alimtazama kama mtu anayetafuta dalili za homa. "Nyathina, mwanangu," alisema kwa upole, "hakuna mtu kama huyo."

Nyuma ya pazia lililogawa chumba, sauti ya maganda ya njugu yaliyokuwa yakipasuka tangu asubuhi ilinyamaza.

Nyasuguta alimpima Benta mabega, kifua na kiuno, akaandika kwa chaki ukingoni mwa meza. Benta alipokwisha kujitwika karai lake na kuondoka, aliichukua gauni ya maua madogo aliyokuwa akiipiga pindo, akaiweka chini ya sindano, lakini hakukanyaga cherehani. Akatazama maua.

Hakutaka kukasirika haraka. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni: jambo likimjia, kwanza aliligeuza ndani nje, kama vazi linalotafutwa mshono ulioachia. Basi akaligeuza hili pia, tangu mwanzo wake.

Mwanzo wake ulikuwa ukumbi wa jamii, kule chini karibu na ziwa. Televisheni ilipoletwa Homa Bay, iliwekwa mle, juu ya kabati refu ambalo mtoto hawezi kulifikia, na nyuma ya ukumbi kukajengwa kibanda cha jenereta. Mchezo wa *Dirisha la Saida* ulikuwa unaonyeshwa siku ya Alhamisi jioni. Shangazi yake, Kemuma, ambaye alikuwa akikaa naye na ambaye aliuza ndizi upande wa pili wa chumba hichohicho, aliyaita mambo ya picha upuuzi wa dunia, lakini Alhamisi si siku ya ibada, na Nyasuguta alikuwa mtu mzima. Alikwenda.

Na alipokwenda, hakunyamaza. Hakuweza. Saida na Rajabu walipogombana na kupatana kabla wimbo haujakwisha, Nyasuguta alisema kwa sauti, "Mwandishi wa mchezo huu hajawahi kununiwa na mwanamke. Mtu aliyenuna hasemi 'nimenuna.' Anakupakulia chakula kingi kuliko siku zote, halafu hakuulizi kama umeshiba."

Ukumbi mzima ulicheka. Na kicheko kilipokwisha kabisa, kikasikika kingine cha mtu mmoja, mlangoni kwa kibanda cha jenereta. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kaki lililojaa mafuta, amechelewa kucheka kwa sababu alikuwa amelifikiria neno lile kwanza. Huyo alikuwa Wangwe, mtunzaji wa mtambo. Nyasuguta alimtazama, naye akamtazama, kisha jenereta ikakohoa na Wangwe akakimbia ndani.

Baadaye watu wa Nairobi wakauhamishia mchezo siku ya Ijumaa, jua likishazama. Kwa nyumba ya kina Nyasuguta hapo pakawa ndio mwisho. Jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia: chakula kimekwisha kupikwa, watu wameoga, Biblia iko mezani na wimbo umeanza. Hakuna aliyemkataza kwenda. Lilikuwa tu jambo lisilowezekana, kama kuoga na nguo.

Jumapili iliyofuata alikuwa hapa kwenye cherehani, kwa kuwa kwake Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, watu wakipita kutoka misa. Wangwe akasimama mlangoni. Alishika shati lililochanika kiwiko.

"Ijumaa benchi yako ilikuwa tupu," alisema.

"Ilikuwa Sabato." Kisha, kwa kuwa alishindwa kujizuia, "Nini kilitokea?"

Wangwe akaketi kwenye kigoda, akamsimulia. Akamsimulia Jumapili iliyofuata, na iliyofuata hiyo, hata mashati yake yote yakaisha kushonwa, akaanza kuja bila shati. Alisimulia vizuri, polepole, mikono ikiwa juu ya magoti. Nyasuguta alimkatiza kila mara. "Hapana, huyo mwandishi amekosea tena. Kwa nini Rajabu anasema maneno mengi hivyo? Mtu anayependa kweli maneno humwishia." Na ajabu yake, mchezo ulianza kuwa mzuri. Wiki baada ya wiki Rajabu alipunguza maneno. Saida alinuna kama wanawake wanavyonuna. Akatokea Mwanaidi, jirani mkali mwenye njugu zake. Hata Kemuma, ambaye huwa nyuma ya pazia na shughuli zake, siku moja alisema kwa sauti bila kuulizwa, "Huyo Mwanaidi ana akili. Wengine wote hapo ni watoto."

"Mwandishi wao amejifunza," Nyasuguta alikuwa amesema, akimrudishia Wangwe kikombe. "Siku hizi anaandika kama mtu."

Wangwe alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Sasa Nyasuguta alikumbuka kamba ile ya kiatu, na uso wake ukapata moto.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha siku nyingine yoyote. Lakini leo halikuchekesha, na sababu ilikuwa babake. Mzee Ratemo alikuwa analima Ndhiwa, na alikuwa mzee wa kanisa. Alipopata habari kwamba wajomba wa kijana mmoja wa Isebania wanataka kuja kuongea naye juu ya posa, alitoa pingamizi zake zote kwa mkupuo: kijana ni Mkatoliki, ni Mkuria, na anafanya kazi kwenye nyumba ya picha. Aliongeza kwamba zamani ng'ombe wa babu yao walipotea wakielekea upande wa kina Wangwe.

Wangwe alipoambiwa hilo la ng'ombe, alifikiri kidogo. "Babu yangu naye alisema wetu walipotea wakielekea kwenu," alisema. "Huenda ni ng'ombe walewale, wanatembea tu."

Maneno hayo yalimfikia Mzee Ratemo, naye, kwa habari zilizoletwa, alikohoa kwa muda mrefu akiwa ameficha mdomo. Kisha akasema hivi: dini wataizungumza wao wawili mbele ya Mungu, na kabila si dhambi. Lakini kijana yeye hamjui, anayemjua ni Kemuma dada yake. Kemuma akija Ndhiwa siku ya soko aseme neno moja tu. Akisema ni mtu wa kweli, wajomba waje. Asiposema hivyo, wasijisumbue kupanda gari.

Kemuma alikuwa anakwenda Ndhiwa kesho.

"Shangazi," Nyasuguta aliita, akilitazama pazia.

"Mm."

"Umesikia aliyosema Benta?"

"Mimi namenya njugu," Kemuma alijibu.

*

Wangwe alifika saa zilezile za siku zote, misa ikiwa imetoka, shati limepigwa pasi, mikono imesuguliwa kwa sabuni hadi kwenye viwiko na bado ikinukia dizeli kwa mbali. Nyasuguta aliipenda harufu ile. Leo aliipenda pia, na hilo likamuudhi zaidi.

"Hamjambo hapa."

"Hatujambo. Karibu kigoda."

Kemuma alitoka nyuma ya pazia na kikombe cha mchaichai. Majani ya chai hayakuingia katika nyumba ile, kwa sababu ya imani, na sukari haikuingia kwa sababu Kemuma hakuona kazi yake. Wangwe alipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Hii ndiyo chai."

"Kunywa," Kemuma alisema, akarudi kwake. Maganda yakaanza tena kupasuka, moja moja.

Wangwe alikunywa, akaweka kikombe, akaweka mikono juu ya magoti. "Basi. Tulimwacha Rajabu juu ya paa."

"Ndiyo, na mvua inanyesha," Nyasuguta alisema.

"Mvua inanyesha. Na babake Saida yuko chini. Sasa Saida akatoka nje, akasimama pale barazani..."

"Amevaa nini?"

Wangwe alisita. Macho yake yalizunguka chumba yakitafuta, yakatua juu ya cherehani. "Gauni," alisema. "Ya maua. Madogomadogo."

"Kama hii?"

"Inafanana."

"Shingo yake iko vipi?"

"Ya mviringo."

"Haikufungwa kabisa? Na mikono, si mirefu?" Nyasuguta aliivuta gauni mapajani. "Haikuwa nyeusi, Wangwe?"

Njugu zilinyamaza. Nje mtu alikuwa akivuta mkokoteni, gurudumu likilia, likalia hadi likapotea.

Wangwe hakuuliza nani amesema. Hakucheka wala kusema huyo mtu haoni vizuri, au kwamba picha ilikuwa mbaya. Alitazama mikono yake.

"Ilikuwa nyeusi," alisema.

"Rajabu yuko wapi?"

"Alipanda meli."

"Lini?"

"Zamani. Ijumaa ile ya kwanza ambayo hukuja."

"Ya kwanza!" Nyasuguta alisimama, na gauni ikaanguka. "Wakati wote huo! Mimi nakaa hapa nasema mwandishi hivi, mwandishi vile, na mwandishi amekaa kwenye kigoda changu anakunywa mchaichai! Nilisema hajawahi kupenda mtu, Wangwe! Nilikwambia usoni!"

"Ndiyo. Nilikwenda nikilifikiria hilo njia nzima."

"Usinichekeshe. Nilimwombea Rajabu. Alipougua malaria nilimwombea kanisani, siku ya Sabato, nimepiga magoti!"

"Na akapona," Wangwe alisema kwa sauti ndogo.

Nyuma ya pazia kulisikika kitu kama mtu aliyepaliwa na njugu.

Nyasuguta alimgeuzia Wangwe mgongo. Kicheko kilikuwa kimemfika kooni na hakutaka kukitoa, maana chini ya kicheko kulikuwa na kitu kingine kilichouma, na aliogopa kwamba akicheka kitu hicho kitapita bila kusemwa.

"Niambie ilivyoanza," alisema. "Polepole. Usiongeze."

"Ijumaa ile upepo ulitoka ziwani," Wangwe alianza. "Picha ikawa chenga tupu. Nikapanda juu ya paa kuigeuza eriali, mvua ikanikuta huko. Nageuza, watu wananipigia kelele kutoka ndani, 'Hapo! Hapana, umepita!' Niliposhuka mchezo ulikuwa umekwisha. Sikuona kitu. Na kesho kutwa yake nilitaka kuja hapa. Nilikuwa nimechana shati."

"Umelichana?"

"Lilikuwa zima. Nililichana kiwiko mwenyewe."

Nyasuguta aliuma mdomo. "Endelea."

"Nikasema nikifika nitakwambia ukweli, kwamba sikuona. Lakini uliniuliza, 'Nini kilitokea?' na ukaacha kushona. Ulinitazama kama... Hakuna mtu aliyewahi kuacha kazi ili anisikilize mimi. Nikatunga kidogo. Nilifikiri Ijumaa inayofuata nitaunganisha na mchezo wenyewe. Ijumaa ikafika, na Rajabu ameondoka bila kuaga, na Saida anaozwa kwa mzee wa mbao, wala hakuna mtu aliyemuuliza kama anataka. Nikajua utasema, 'Kwa nini hawakumuuliza?' Nami sikuwa na jibu. Wao hawakuwa wameweka jibu. Kwa hiyo nikaendelea na wetu."

"Wetu," Nyasuguta alirudia.

"Nusu ni maneno yako. Ulikuwa ukisema mtu hafanyi hivyo, basi Jumapili inayofuata simfanyishi hivyo. Wiki nzima nikiwa na jenereta nilikuwa nawaza, huyu akisikia hapa atasema nini."

Nyasuguta aligeuka. Wangwe alikuwa amekaa vilevile, mrefu juu ya kigoda kifupi, magoti yakikaribia kidevu, na usoni mwake hakukuwa na ujanja hata kidogo. Alifikiria Saida wa Ijumaa ndani ya nguo yake nyeusi, mwanamke ambaye hakuulizwa. Kisha akamfikiria Saida wa Jumapili, mkaidi, mwenye kununa, mwenye neno lake, anayesubiriwa na mtu juu ya paa wakati wa mvua. Huyu wa pili alikuwa amevaa gauni ya maua madogo tangu siku Nyasuguta alipoanza kuikata.

"Hadithi sikasirikii," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hadithi ni nzuri kuliko ya kwao. Kinachoniuma ni kwamba baba yangu anauliza neno moja juu yako, na neno lenyewe ni hilohilo. Sasa nitajuaje? Uliniambia unanipenda ukiwa umekaa hapohapo, kwa sauti hiyohiyo."

Maneno yalikuwa yamemwishia Wangwe.

Pazia likavutwa, Kemuma akatoka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kitambaa cheupe kichwani, ungo wa njugu kiunoni mwake. Aliketi juu ya gunia la ndizi, kati yao wawili, akaweka ungo magotini.

"Mimi ndiye nitakayekwenda Ndhiwa," alisema. "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayeuliza. Kijana, mbali na Saida, ni kitu gani kingine umetuambia ambacho sicho?"

"Hakuna, mama."

"Fikiri kwanza."

Wangwe alifikiri. Nyasuguta, ambaye alikwisha kumzoea, aliona kitu kikimjia, akaona akikiogopa, akaona akiamua.

"Kipo kimoja," alisema.

Nyasuguta akasogea karibu.

"Mchaichai," Wangwe alisema. "Nilisema naupenda kuliko chai. Siupendi, mama. Naona kama nakunywa maji yaliyochemshiwa nyasi. Kila Jumapili kabla sijafika hapa napitia hotelini nakunywa chai ya maziwa, vikombe viwili, ili niweze kuumaliza."

Kemuma alichukua njugu, akaipasua, akaitazama, akaila.

"Na sukari?" aliuliza.

"Naweka nyingi."

"Nilijua," Kemuma alisema. "Mtu hawezi kuunywa namna unavyounywa wewe, umefumba macho. Nilikuwa nangoja nione utaendelea mpaka lini." Alipasua nyingine. "Lakini sasa nami niulize langu. Huyo Mwanaidi. Mwanamke mkali, anamenya njugu, anajifanya hasikii. Ulimtoa wapi?"

Wangwe alitazama ungo. Akatazama sakafu. Nyasuguta alitazama ungo pia, na kwa mara ya kwanza akaona lililokuwa mbele ya macho yake Jumapili zote zile. Kiganja kikamkimbilia mdomoni.

"Ni mimi," Kemuma alisema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nilisema ana akili. Nilimsifu mbele ya watu." Mabega ya Kemuma yalianza kutikisika, njugu zikaanza kurukaruka kwenye ungo, na ndipo Nyasuguta alipoelewa kwamba shangazi yake anacheka. Akacheka na yeye, akacheka hadi machozi yakamtoka na akalazimika kushikilia cherehani. Wangwe alikuwa wa mwisho, kama kawaida yake. Alingoja wao wakaribie kumaliza, kisha akapasuka peke yake, kwa nguvu, hata mpita njia akachungulia mlangoni.

Walipotulia, Kemuma alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Ratemo ataniuliza kama wewe ni mtu wa kweli. Niseme nini?"

"Mwambie nilichofanya," Wangwe alisema. "Chote. Usinipunguzie. Akikataa, nitajua amekataa mimi mwenyewe, si mtu mwingine niliyemtunga."

Nyasuguta alimtazama, na kile kilichokuwa kikiuma kikaachia, taratibu, kama uzi unaopata njia yake tunduni. Aliiokota gauni kutoka sakafuni, akaikung'uta vumbi.

"Hata mchaichai nimwambie?" Kemuma aliuliza.

"Hata mchaichai."

"Hilo ndilo litakalompendeza. Yeye pia hauwezi, tangu utoto." Kemuma alitikisa ungo kupeperusha maganda. "Lakini kuna taabu moja. Nikimwambia chote, itabidi nimsimulie na hicho kisa, tangu meli ambayo Rajabu hakupanda. Namjua ndugu yangu. Akianza kusikiliza atataka mwisho. Siwezi kufika Ndhiwa nikamwambia mtu tulimwacha juu ya paa na mvua inanyesha. Kwa hiyo kaa vizuri. Mshushe."

Wangwe aliweka mikono juu ya magoti. "Rajabu akamaliza kuziba," alianza, "akaishika ngazi ili ashuke, amwombe mzee..."

"Hapana," Nyasuguta alisema.

Wote wawili wakamtazama. Alikuwa ameketi tena kwenye cherehani, gauni ya maua mapajani, lakini hakuwa anashona. Alikuwa anamtazama Wangwe vile alivyomtazama Jumapili ile ya kwanza.

"Asishuke," alisema. "Amefanya kazi yake, analowa, na ameshasema yote aliyokuwa nayo. Akishuka kuomba, mwandishi atakuwa amekosea tena. Babake Saida ndiye apande. Aende mwenyewe juu akaone palivyozibwa."

Wangwe alifikiri. "Mzee ana goti bovu," alisema. "Nililisema mwanzoni. Na ngazi imelowa, inateleza."

"Hilo ni kweli," Nyasuguta alikubali. Akakunja uso, akitafuta. "Basi kuna mtu wa kumshikia. Saida?"

"Saida hana nguvu hizo."

"Rajabu yuko juu."

"Yuko juu."

Wakakwama, macho yao yakiwa yamekutana juu ya kichwa cha Kemuma. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuyaondoa.

Kemuma alichukua njugu nyingine, akaipasua kwa kidole gumba, wala hakuinua uso.

"Mwanaidi," alisema. "Mwanaidi ataishika ngazi."